Kopo la Mjerumani

Kopo lenyewe bado lipo. Liko juu ya kabati la vyombo nyumbani kwa mzee mmoja wa hapa Ilala, Dar es Salaam, aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yangu, na kila ninapokwenda kumjulia hali macho yangu hulikimbilia kabla sijaketi. Ni kopo la bati, kimo chake shubiri moja, rangi imebanduka, kifuniko kimeshika kutu. Liliponunuliwa, Februari 2022, lilikuwa na gololi 112 za kioo, na Mzee alilitolea shilingi laki nne na nusu, fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mabati ya banda la uani. Ameniruhusu kusimulia yaliyompata kwa sharti kwamba nisimtaje jina. "Andika, mwanangu," aliniambia. "Wapo wengine wanaokusanya vitu vya zamani. Wasije wakaumia kama mimi." Nami nina sababu yangu ya kuandika. Siku ile nilikuwapo, na nilinyamaza.

Sisi tuliokulia Gerezani, Kariakoo na Ilala tulipiga gololi uani, vichochoroni, hata kwenye kivuli cha msikiti mpaka tukafukuzwa. Kila mtoto alikuwa na gololi yake ya kupigia, ile aliyoizoea kidole gumba, ambayo hakuitoa kwa mtu hata akililiwa. Tulipokua tulizisahau. Mzee hakusahau. Alipostaafu kazi ya reli alianza kuzitafuta upya: kwenye mafungu ya mitumba, kwenye vifusi vya nyumba za zamani za Kariakoo zinazobomolewa kupisha maghorofa, kwa akina mama wanaouza makorokoro ya marehemu. Alizipanga kwenye trei za mayai, kila moja na kitundu chake, na jioni alizitoa barazani kuziangalia dhidi ya jua la magharibi. Nilipenda kukaa naye saa hizo. Mwishowe nikaanza kukusanya na mimi, zaidi shanga za kale kuliko gololi, lakini ugonjwa ni mmoja.

Kijana aliyeleta kopo hakuwa mgeni kabisa. Alikwisha kumuuzia Mzee vitu vidogo vidogo mara mbili tatu, na havikuwa na kasoro. Siku hiyo alikuja saa kumi jioni, akaamkia kwa heshima, akaketi pembeni ya mkeka. Alisema banda lake lilikuwa miongoni mwa yaliyoteketea Januari, soko la Karume lilipoungua pale Mchikichini, na sasa anauza hata asivyopenda kuuza. Kopo hili, alisema, lilikuwa kwa bibi yake, na bibi alilirithi kwa mtu aliyefanya kazi kwa Mjerumani mwenye duka. Akafungua kifuniko. Ndani, juu ya gololi, palikuwa na kipande cha karatasi kilichokunjwa, wino wa kahawia umefifia, kimeandikwa maneno haya tu: Kariakoo 1912.

Naikumbuka pumzi ya Mzee ilivyokatika.

Kijana akatoa kijitochi cha zambarau, kile ambacho wauza maduka hutumia kukagulia noti bandia, akavuta pazia, akamulika. Gololi chache zikang'aa kijani kama macho ya mnyama porini. "Unaona, mzee wangu? Kioo cha siku hizi hakifanyi hivi." Kisha akaitazama simu yake na kusema kuna mzungu anamsubiri hotelini kabla ya magharibi, ila yeye angependa kopo libaki kwa mtu wa nyumbani. Mke wa Mzee, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, aliinua kichwa akauliza, "Na hizo zote zimekaa humo miaka mia na kumi bila kukwaruzana?" Mzee akamwambia awaache kwanza. Mama akainamia ungo wake.

Mimi nilikuwa na gololi moja mkononi. Niliizungusha na kuona kwamba ni duara kamili, laini kama yai, na ndani yake kuna vijani vitatu vya rangi vilivyosimama kama mboni ya jicho. Moyo wangu ulisema neno. Sikulitoa. Nilitaka, kama Mzee alivyotaka, kopo liwe lile lililosemwa. Ningekuwa na kisa cha kusimulia: nilikuwapo gololi za Mjerumani zilipoibuka Ilala. Tamaa ya kisa kizuri haina tofauti na tamaa ya fedha, nayo hufunga mdomo vilevile.

Laki nne na nusu zikahesabiwa mkekani.

Wiki zilizofuata zilikuwa za furaha, na katika furaha hiyo ndipo kosa la pili, lililo zito kuliko la kwanza, lilipotendeka. Kati ya zile gololi 112 kulikuwa na tatu zisizofanana na nyingine. Zilikuwa kubwa kidogo, za kioo cheupe kinachoonyesha, na ndani yake nyuzi za rangi nyekundu, nyeupe na samawati zilijisokota kama kamba ya katani. Hazikuwa duara kamili. Ukiziviringisha mezani zilikwenda mrama. Ngozi yake ilikuwa na alama nyingi ndogo za mwezi mwandamo, zile zinazoachwa na gololi inapogongwa na mwenzake. Na kila moja ilikuwa na mabaka mawili yaliyoparuza, moja juu na moja chini, kama kitovu ambacho hakikupona vizuri. Mzee aliziona hizi ndizo mbovu za kopo zima. Alisikitika kwamba zimeharibika. Akaniuliza kama namfahamu fundi wa kusugua vito. Namba ya fundi nilimpa mimi.

Fundi alifanya kazi yake kwa uaminifu. Zilirudi zikimeremeta, duara, hazina alama hata moja.

Mtoto wa dada yake anayeishi Ujerumani ndiye aliyempatia mkusanyaji wa huko, mtu wa makamo, mwungwana. Mzee alimtumia picha za kopo zima. Jibu lilikuja siku ya pili, refu na la upole. Gololi 109, alisema, zimetengenezwa kwa mashine, na aina yake haikuwapo duniani mwaka 1912. Lakini zile tatu zenye nyuzi zilimfanya asimame kutoka kitini. Aliomba apigiwe picha za karibu za ncha zake mbili, mahali palipokatwa na mkasi. Mzee akamwandikia kwamba amekwisha kuzisafisha. Siku nzima hapakuja kitu. Kisha yakaja maneno machache ya pole.

Nilipoona uso wa Mzee siku hiyo niliapa kwamba nitajifunza, na tangu hapo nimesoma na kuuliza kila nilipoweza. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo tungeyajua kabla, kopo lingebaki mikononi mwa kijana, au tungelinunua kwa bei ya vile vilivyomo kweli.

Nianze na zile tatu zenye nyuzi. Lauscha ni mji mdogo wa milimani huko Thuringia, Ujerumani, ambao watu wake wamefua kioo tangu 1597. Katika miaka ya 1840 mafundi wa hapo, ukoo wa Greiner ukiwa mbele, walibuni mkasi wa pekee wenye kikombe kidogo upande mmoja. Fundi alitengeneza fimbo ya kioo yenye nyuzi za rangi ndani, akailainisha motoni, akaibana ncha yake kwenye kikombe na kuizungusha mpaka ikawa tufe, kisha akaikata. Kule kuzungusha ndiko kulikozisokota nyuzi. Kule kukata ndiko kulikoacha mabaka mawili. Mimi na Mzee tunayaita makovu, na tumejifunza kwamba kovu ndicho cheti cha kuzaliwa cha gololi ya mkono. Ukilisugua umechana cheti. Hata ile ngozi iliyojaa miezi mwandamo ni ushahidi, kwa sababu ni alama za watoto waliozichezea, na mkusanyaji mwenye ujuzi huona afadhali gololi iliyogongwa kuliko iliyosuguliwa.

Kwa hiyo tulikuwa na vitu vitatu vya kweli, na tukaviharibu kwa sababu havikufanana na uongo uliovizunguka.

Nataka nikae hapa kwenye dalili, maana zilikuwa nyingi, na hakuna hata moja iliyofichwa. Chukua vile vijani vitatu vya rangi nilivyoviona kwa macho yangu. Gololi za namna hiyo, ambazo sehemu nyingi za dunia huitwa jicho la paka, zilitoka Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, kwenye mwaka 1950 hivi. Zilipendwa mno hata viwanda vya Marekani vikaziiga miaka michache baadaye. Kabla ya hapo hazikuwapo kwa Mjerumani, kwa Mwingereza, wala kwa mtu mwingine yeyote. Na linaloniuma ni kwamba Mzee aliyajua haya bila kuyasoma popote. Mara ngapi alinisimulia kwamba alipokuwa mtoto, kabla ya Uhuru, gololi za Kijapani zenye jicho zilikuja dukani kama kitu kipya, na watoto wakazigombania kwa sababu hawakuwahi kuona kioo chenye mboni? Kumbukumbu hiyo ilikuwa ndani ya kichwa chake siku ile barazani. Kopo lilipofunguliwa hakuiita.

Halafu ile duara kamili. Mashine ya kutengeneza gololi ilikuja na Martin Christensen wa Akron, Ohio, aliyeisajili mwaka 1905. Mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza 1914 soko la dunia lilikuwa bado kwa kiasi kikubwa la Wajerumani wa mkono. Vita vilipofunga bahari, mashine za Wamarekani zikalichukua. Gololi ya Kijerumani ya 1912 iliyo sawasawa na mwenzake kwa ukubwa, mara 109, ni jambo ambalo lingepaswa kututia shaka hata kama hatujui jina la Christensen. Mkono wa binadamu hauwezi kurudia kitu kimoja mara 109 bila kukosea.

Ule mwanga wa kijani nao tuliumeza mzima. Ni kweli kwamba kuna vioo vya zamani vilivyotiwa urani kidogo ili vipate rangi, na chini ya taa ya zambarau hung'aa kijani. Lakini vioo vya aina hiyo vinatengenezwa mpaka leo. Taa inaweza kukuambia kitu gani kimo ndani ya kioo. Umri wake taa haiujui. Kijana alitumia taa ya kutafutia noti bandia, nasi kwa mazoea tukaona kila kinachopita taa hiyo ni halali.

Ila katika dalili zote, kubwa ilikuwa ile karatasi. Kariakoo 1912. Mimi ni mzaliwa wa Kariakoo, na Mzee pia. Kila mtoto wa Kariakoo hufundishwa jina lilikotoka: Waingereza walipoiteka Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani, Septemba 1916, waliweka kambi ya wapagazi wao wa vita kwenye eneo hili, wale wa Carrier Corps, waliobebeshwa mizigo ya jeshi na kufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa. Vinywa vyetu vikaligeuza jina la jeshi hilo kuwa Kariakoo. Mwaka 1912 hapakuwa na mtu aliyeweza kuandika neno hilo, kwa sababu wapagazi wenyewe walikuwa bado majumbani kwao. Tulilisoma, wazaliwa wawili wa Kariakoo, tukaona karatasi imezeeka vizuri.

Msomaji wangu, nakusihi, usiseme kwamba wewe ungeiona. Huenda ungeiona. Lakini dalili haiji peke yake na kukugonga begani. Huja katikati ya hadithi tamu, mbele ya mtu mwenye shida ya kweli au ya kubuni, jua linazama, na mnunuzi mwingine anasubiri hotelini. Ile haraka peke yake ilitosha kuwa dalili. Kitu kilichongoja miaka 110 kingeweza kungoja usiku mmoja zaidi. Na swali la Mama, kwamba kioo hakiwezi kukaa na kioo bila kukwaruzana, lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa barazani siku ile, na lilitoka kwa mtu ambaye hakuwa na haja ya kopo kuwa la kweli.

Wazee wetu wa zamani walikuwa makini kuliko sisi. Mwandishi wa habari Stanley alipokuwa Unguja mwaka 1871 akijiandaa kumtafuta mmisionari Livingstone, aligundua kwamba hawezi kununua ushanga kiholela. Unyamwezi walitaka samesame nyekundu na kukataa nyingine. Nyeusi zilipita Ugogo lakini kwingine hazikuwa na thamani. Zile kubwa zilizoitwa sungomaji zilitakiwa Ujiji na kukataliwa kwingine. Ilimbidi aulize kwa waliojua njia, kisha akabeba magunia 22. Msafara uliokosea rangi uliweza kufa njaa kijijini penye chakula tele, kwa sababu mama wa sokoni aliishika shanga, akaitazama, akairudisha. Hakuulizwa hadithi yake. Aliitazama shanga yenyewe.

Nisionekane kana kwamba nawalaumu wasiosoma. Kosa hili limewahi kufanywa na watu wenye vyeo na vitabu, na kwa hasara isiyopimika. Huko Zimbabwe Kuu, mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni ilimweka Richard Hall kuwa mtunzaji wa magofu. Hall aliamini hadithi kwamba kuta zile zilijengwa na wageni wa kale kutoka Arabuni au Foinike, enzi za Malkia wa Sheba. Kwa kuwa aliiamini hadithi kwanza, udongo uliojaa vigae vya Waafrika aliuona ni takataka zilizofunika ukweli, akauchimbua na kuutupa, kati ya 1902 na 1904, tabaka juu ya tabaka. Alisafisha. Ni neno lilelile alilolitumia Mzee: amekwisha kuzisafisha. Mwaka 1905 mtaalamu wa mambo ya kale David Randall-MacIver alisema magofu ni ya Waafrika na ni ya zama za kati. Mwaka 1929 mtaalamu mwingine, Gertrude Caton-Thompson, alichimba palipobaki salama na kuthibitisha hivyo, na miongoni mwa ushahidi wake zilikuwamo shanga ndogo za kioo zilizokuja kwa njia ya bahari yetu ya Hindi. Shanga hizo ziliweza kusema kwa sababu zilikutwa mahali pake, chini ya sakafu inayojulikana. Zile alizozitupa Hall hazitasema tena.

Hapo ndipo ninapofika kwenye aibu yangu mwenyewe, ambayo sina budi kuitoa kwa kuwa nimetoa ya mwenzangu.

Miaka kadhaa kabla ya kopo, nilikwenda Kilwa. Nilivuka kwa mashua hadi Kisiwani, nikauona msikiti mkuu na magofu ya Husuni Kubwa, na jioni, niliporudi ufukweni, watoto wawili waliniletea kiganja cha shanga walizodai wameziokota maji yalipokupwa. Nyingi zilikuwa ndogo, nyekundu ya matofali na manjano. Ukizitazama kwa lenzi unaona mistari na mapovu yamelala kufuata tundu, ambayo ni dalili kwamba zilikatwa kutoka kwenye mrija wa kioo uliovutwa, kazi iliyofanywa kwa karne nyingi na mafundi wa India na majirani zake. Niliwapa watoto noti ya elfu tano. Nilifurahi kama mtu aliyeokoa kitu.

Sikuwa nimeokoa kitu. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kuwa urithi unaolindwa, si mali ya kuokota na kuuziana. Na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Kwa noti yangu niliwafundisha watoto wawili kwamba ardhi ya kwao inauzwa kwa kiganja. Na dalili nilizipata palepale, kama Mzee alivyozipata zake. Kati ya shanga zile kulikuwa na moja nyeupe yenye mkanda mwembamba umeizunguka kiunoni. Shanga za namna hiyo hubanwa kwenye kalibu kwa ufundi uliosajiliwa Uingereza mwaka 1840. Haiwezi kuwa na umri wa masultani. Maana yake kiganja kile kilichanganya vitu vya nyakati tofauti, kutoka mahali ambapo sikupajua, na mimi nilikipeleka nyumbani nikakitungia uzi mmoja na kukiita shanga za Kilwa.

Baada ya kisa cha kopo nilichukua uzi wangu nikampelekea mtaalamu wa mambo ya kale. Nilitarajia anikemee kuhusu sheria. Alinikemea, kwa upole, lakini kabla ya hilo aliniuliza swali ambalo bado nalisikia. "Ziliokotwa wapi hasa?" Nikasema ufukweni. "Ufukwe wa upande gani? Juu ya mchanga, au kwenye ukingo wa udongo unaomomonyoka? Pamoja na vigae gani?" Sikuwa na jibu hata moja. Aliniambia kwamba siku hizi wanaweza kupima madini ya kioo na kujua shanga imetoka nchi gani na karibu karne gani, lakini hata kipimo hicho hakiwezi kuirudisha kwenye udongo wake. Zikabaki kwake. Nilitoka mikono mitupu, na sikuona kama nimepungukiwa.

Mzee naye hakuacha kukusanya, na nashukuru hakuacha. Kijana hatukumwona tena. Mzee hakumtafuta, na alinikataza nisimtafute. Wapo watoto wa jirani wanaocheza kwenye uchochoro nyuma ya nyumba yake, na sasa wanazo gololi za jicho la paka za kutosha, maana aliwagawia karibu zote. Alibakiza kumi koponi, pamoja na zile tatu zilizosuguliwa. Kitu kipya kwake ni karatasi. Kila trei, kila bahasha, kila kikopo kina kipande cha karatasi kinachosema gololi ilipatikana wapi, kwa nani, lini, kwa bei gani, na ilikuwa na hali gani siku hiyo. Hasafishi kitu. Vumbi analiacha mpaka aulize.

Mwezi uliopita nilimkuta ameliteremsha lile kopo kutoka kabatini. Karatasi ya zamani ameiacha humo, kwa kuwa nayo, alisema, ni sehemu ya kopo. Juu yake aliweka yake mwenyewe, kwa mwandiko ule wa karani wa reli, herufi zimesimama wima. Aliniomba nimsomee kwa sauti, kwa sababu miwani ilikuwa ndani. Nilisoma: "Nimenunua hapa nyumbani, Ilala, Februari 2022, kwa kijana wa Mchikichini. Sh. 450,000. Gololi 109 za mashine, jicho la paka. Gololi 3 za mkono, zilikuwa na makovu, nimeyaondoa mimi." Chini aliacha nafasi, akanipa kalamu. "Na wewe ulikuwapo," alisema. Nikaandika jina langu.